Mkono wa Kumwinua Mzee
(Dominika ya 5 ya Mwaka B: Ayubu 7:1-4, 6-7; Marko 1:29-39)



Masomo ya leo yanatukutanisha na wagonjwa wawili. Mama mkwe wa Simoni amelala kwa homa. Ayubu naye anagaagaa kitandani hadi kupambazuka, na matumaini yamemwishia. Tutazame vema: Ayubu hatenganishi vidonda vya mwili na uchungu wa moyo. Anavililia vyote viwili kwa sauti moja.

Nami leo naungama kosa langu mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita nilizoea kumpelekea Komunyo Takatifu mama mmoja mzee aliyesumbuliwa na magoti. Kila aliponieleza jinsi yanavyomwuma, nilimjibu, "Vumilia, mama, ni uzee." Dawa alipewa, lakini maumivu yalizidi. Siku moja, nikiwa nimekwisha kufunga mkoba wangu, akaniambia, "Baba, kigoda hicho hakijakaliwa na mtu tangu tulipomzika mzee wangu. Hata wewe husimama tu."

Niliketi. Ndipo nilipojua kwamba halali usiku, hatamani chakula, na kwamba kila jioni humwomba Mungu amchukue. Tulimpeleka hospitali, na daktari akatambua kwamba, pamoja na baridi yabisi, alikuwa na ugonjwa wa sonona. Magoti hayakupona kabisa. Lakini alipotibiwa yote mawili, na wanajumuiya walipoanza kumtembelea kwa zamu, alipata tena usingizi, akaweza kufika kanisani akiegemea fimbo yake.

Elimu ya tiba inatufundisha kwamba maumivu ya muda mrefu humnyima mtu usingizi na kumtenga na wenzake, hata moyo ukazama katika huzuni. Huzuni nayo huufanya ubongo uyasikie maumivu kwa ukali zaidi. Na kwa wazee, mara nyingi sonona haisemi, "Nina huzuni", husema, "Mgongo unaniuma." Si kwamba mzee anadanganya: maumivu yake ni ya kweli. Cicely Saunders, daktari Mkristo aliyeanzisha nyumba ya wagonjwa ya St Christopher's mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya nafsi, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja.

Je, mzee anayelia amepungukiwa imani? Hasha! Rafiki zake Ayubu walifanya vema walipoketi naye kimya siku 7. Walikosa walipofungua vinywa vyao kumhukumu. Na mwishoni mwa kitabu hasira ya Mungu iliwawakia wao.

Yesu je? Anaingia nyumbani, anamkaribia mgonjwa, anamshika mkono na kumwinua. Naye aliyeinuliwa anawatumikia wageni. Mzee akiinuliwa, bado ana mengi ya kutupa.

Ndugu zangu makatekista na viongozi wa jumuiya, mkimtembelea mzee, ketini kwanza. Mwulizeni: Unalala? Unakula? Nani huja kukuona? Akisema amechoka kuishi, msimkemee wala msimwache peke yake. Mpelekeni kwa daktari upesi. Dawa na sala hazishindani. Tena msingoje dakika za mwisho ndipo mumwite padre. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitukumbusha kwamba Mpako wa Wagonjwa si sakramenti ya wale tu walio katika hatari ya mwisho. Mtu aanzapo kudhoofika kwa ugonjwa au uzee, wakati wa kuupokea umekwisha kuwadia.

Nanyi wazee wetu mnaonisikiliza kutoka vitandani, semeni maumivu yenu yote, ya mwili na ya moyo. Bwana hachoki kuwasikiliza. Atujalie sisi nasi tusichoke.

Mungu awabariki nyote: Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.