Sheria za Kilimo na Mkulima wa Korosho

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nilipoletewa barua ya kuombwa niseme neno katika mkutano huu, niliambiwa nichague jambo linalohusu kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma sheria na kanuni za kilimo na kuwasaidia wengine wazitekeleze. Najua kuwa neno "sheria" huwafanya watu wapige miayo, hasa baada ya chakula kizuri kama hiki tulichokula. Hata hivyo naomba mnivumilie, kwa sababu wengi wetu tuliokaa kwenye madawati haya tulilipiwa ada na korosho, na bei ya korosho hutengenezwa na sheria kabla haijatengenezwa na soko.

Nitaanza na nyumbani. Mimi ni mtoto wa bonde la Ruvuma, upande wa Mahurunga, karibu na pale mto unapoingia baharini. Watu wa huko hulima mpunga bondeni na huvua samaki kwenye mikoko, lakini fedha ya ada hutoka juu, kwenye mchanga, kwenye mikorosho. Mwaka 1997 nilikuwa kidato cha pili. Mikorosho ilikuwa ingali maua, na baba alikuwa anadaiwa ada yangu. Akaja mfanyabiashara mmoja, wakakubaliana: fedha leo, korosho wakati wa mavuno, kwa kipimo cha bakuli. Huku kwetu biashara hiyo huitwa kangomba, wala sina haja ya kuwaeleza zaidi.

Mavuno yalipofika nilikuwa likizo, na mimi ndiye niliyeshika mdomo wa gunia wakati bakuli likipima. Kila bakuli lilihesabiwa kilo moja. Nilikuwa nimekwisha kufundishwa mizani katika maabara ya shule hii, na kwa mkono tu nilijua kuwa bakuli lile lilizidi kilo. Sikusema neno. Baba naye hakusema, kwani mtu aliyekwisha kutumia fedha ya mwenzake hana ulimi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakutuambia la kufanya iwapo kibaba chenyewe ni cha mnunuzi.

Ndugu zangu, nimeeleza kisa hicho ili niulize swali moja: sheria ya kilimo humsaidiaje mkulima?

Tusidhani kuwa kila sheria inayotaja kilimo imetungwa kwa faida ya anayelima. Kusini kwetu kuna ushahidi wa kutosha. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu zake, na mwaka 1948 Bunge la London likatunga sheria ya kuunda shirika la kuuendesha. Matrekta yaliletwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara, na bandari yenye kina ikajengwa hapa mjini. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kupoteza paundi zipatazo milioni 36. Reli iling'olewa katika miaka ya 1960. Sheria ilikuwepo, fedha ilikuwepo, na wataalamu walikuwepo. Aliyekosekana ni mkulima wa hapa, ambaye angeulizwa mvua na udongo wa kwao ukoje.

Hata baada ya kujitawala tulijifunza kwa gharama. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini, wengi wakaiacha mikorosho yao mbali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Bei haikumpa mkulima hamu ya kupalilia, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Katika miaka ya 1980 mavuno yalishuka hata chini ya tani 20,000. Watafiti wa Naliendele, hapo jirani, walifanya kazi kubwa ya kutuonyesha jinsi ya kutumia salfa na kupanda miche bora. Lakini salfa huutibu mti tu. Soko bovu linahitaji dawa nyingine, nayo ni sheria.

Soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuja hadi uani. Ndipo lilipokuja bakuli la baba.

Dawa iliyotafutwa ilianza na Sheria ya Stakabadhi za Maghala, namba 10 ya mwaka 2005. Msimu wa 2007/08 mfumo huo ukaanza kutumika kwa korosho, na Mtwara ndiyo iliyotangulia. Ikafuata Sheria ya Tasnia ya Korosho, namba 18 ya mwaka 2009, iliyoiweka Bodi ya Korosho katika kazi yake ya sasa, na baadaye Sheria ya Vyama vya Ushirika, namba 6 ya mwaka 2013.

Kwa wanafunzi ambao hawajapata kuelezwa, mpango wenyewe ni huu. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi. Hapo hupimwa kwa mizani, hutazamwa ubora, na hupewa stakabadhi inayoonyesha uzito na daraja. Korosho za wengi hukusanywa na kupelekwa ghala kuu. Wanunuzi hushindana mnadani, na mwenye bei nzuri hulipa kupitia benki. Makato hutolewa, na kinachobaki huingia katika akaunti ya mkulima. Katika msimu wa 2024/25 minada hiyo iliendeshwa kwa mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania, hivyo mnunuzi aweza kuwa mbali na bado akashindana na wenzake.

Angalieni mabadiliko yaliyopo. Mkulima mmoja mwenye gunia mbili hawezi kubishana na mwenye meli. Lakini wakulima elfu moja, korosho zao zikiwa katika ghala moja, humfanya mwenye meli abishane na mwenzake. Hiyo ndiyo nguvu ya sheria kwa mnyonge. Kadhalika sheria hukigusa kijiji kizima: halmashauri hupata ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Ushuru huo husaidia kujenga madarasa na zahanati, hata kwa mtu asiye na mkorosho hata mmoja.

Lakini nisiwadanganye. Sheria hubadilika, na mabadiliko yake hufika hadi shambani. Chini ya sheria ya korosho, asilimia 65 ya ushuru unaotozwa korosho ghafi zinaposafirishwa nje ilikuwa ikirudi kuliendeleza zao lenyewe. Mwaka 2018 Bunge, kwa Sheria ya Fedha, liliuondoa mgawo huo, fedha zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Mwaka huohuo wakulima waliikataa bei ya minadani, na mwezi Novemba Serikali ikaamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Uhakiki na malipo yakaendelea hadi mwaka 2019. Mavuno, ambayo yalikuwa yamefika tani 313,000 msimu wa 2017/18, yalishuka, kisha yakapanda tena hata kupita tani 500,000 msimu wa 2024/25. Nayataja haya ili muone kuwa kifungu kimoja cha sheria, kilichosomwa Dodoma kwa dakika chache, huweza kupima uzito kuliko mizani zote za Tandahimba na Newala.

Wenzetu wa Marekani walianza mwaka 1933, wakulima wao walipokuwa wamefilisika kwa kuporomoka kwa bei. Hadi leo Bunge lao hutunga sheria kubwa moja ya kilimo, ambayo kwa kawaida hupitiwa upya kila baada ya miaka mitano hivi, ingawa mara nyingine huchelewa. Ndani yake mna bima ya mazao, mikopo, hifadhi ya udongo, msaada wa chakula kwa maskini na maendeleo ya vijijini. Wao ni matajiri, nasi hatuwezi kuiga kila kitu chao. Jambo moja tu ninalolitamani ni hili: sheria hiyo inapokaribia kupitiwa, wakulima wao kupitia vyama vyao hujua ni kifungu gani wanakitaka na kipi hawakitaki. Sheria zetu zimetawanyika katika vitabu vingi, na mkulima wetu huzijua siku anapokatwa fedha.

Sasa niwape kisa cha pili, nacho ni cha aibu yangu mwenyewe. Mwaka mmoja nilikwenda likizo nyumbani. Kwetu sisi Wamakonde mjomba ni mtu mkubwa, na mjomba wangu aliniita barazani. Akatoa karatasi mbili zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki: stakabadhi ya chama chake cha msingi na hesabu ya malipo.

Akasema, "Mpwa wangu, nilipeleka kilo mia nne. Hapa nimelipwa kilo mia tatu na sitini. Na makato haya yote, kila moja ni la nani?"

Nikamjibu kwa Kiswahili cha ofisini: "Mjomba, utaratibu ndivyo ulivyo."

Akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Kumbe tulikusomesha ili uje kutuambia hivyo."

Sikulala vizuri. Nilijiona nimeshika tena mdomo wa gunia kama mwaka 1997, nimenyamaza huku kilo zikiondoka. Asubuhi tulikwenda pamoja hadi chamani. Katibu alifungua daftari lake, tukalinganisha na stakabadhi. Tarakimu moja ilikuwa imenakiliwa vibaya. Makato nayo tuliyapitia moja moja katika karatasi ya mjengeko wa bei, mjomba akaelezwa yote. Mawili hakuyapenda, akasema atayapeleka kwenye mkutano mkuu wa chama. Kilo zake arobaini alilipwa baadaye.

Ndugu zangu, tofauti kati ya mjomba na baba ni ile karatasi. Baba hakuwa na stakabadhi, hakuwa na daftari la kulinganisha, hakuwa na mkutano wa kulalamikia. Mjomba alikuwa navyo, na alivipata kwa sheria. Lakini sheria ile isingemlipa hata senti kama asingeitunza karatasi, na kama asingepatikana mtu wa kuisoma naye. Sheria haitembei yenyewe hadi kijijini. Hubebwa na watu.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwenu tuliosoma pamoja, ambao sasa ni wahasibu, wanasheria, walimu na maafisa: kila mmoja atoe siku moja katika msimu, aende kwenye chama cha msingi cha kijiji chake, asome na wanachama karatasi ya mjengeko wa bei. Gharama yake ni nauli tu.

Nanyi wanafunzi, likizo ya Desemba huwakuta wazazi wakiwa kwenye mavuno. Msikae barazani. Simameni karibu na mizani, someni namba kwa sauti, iandikeni, na itunzeni stakabadhi ya mzee wako kama unavyotunza cheti chako. Na mkimwona mtu mwenye bakuli akija wakati mikorosho ingali maua, mwambieni mzazi kwamba sheria inaikataza biashara hiyo, na mtafute pamoja njia nyingine ya kulipa deni. Mimi nilinyamaza. Ninyi msinyamaze.