TURUBAI LA BOTI NA MSHAHARA WA MLINZI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama Jumapili alasiri, Kaloleni. Kwa kuwa ndugu wengi walikuwa zamu siku hiyo, tumeombwa yapigwe chapa humu ili nao wayasome.)



Tumepewa nafasi hii tueleze habari ya boti yetu iliyoko Kisumu, na jinsi viti na sakafu yake vilivyooza hali tulikuwa tumeifunika. Huenda baadhi yenu mkauliza, turubai la boti lahusu nini mkutano wa wafanya kazi? Twawaomba mtuvumilie. Jambo hili lina pande mbili. Upande mmoja ni ufundi wa kufunika chombo kilichofungwa majini. Upande wa pili ni haki ya mtu tuliyemwajiri sisi wenyewe. Tulikosea pande zote mbili, na twataka ninyi msikosee kama sisi.

Kama mjuavyo, sisi watu kumi na wanane wa karakana na yadi, tukaao Kaloleni, Mbotela na Jericho, tuna kikundi chetu cha akiba. Wengi wetu kwetu ni upande wa ziwa. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo kazi ya reli na kazi ya ziwa zimekwenda pamoja. Meli ya Uhuru, iliyojengwa katika miaka ya 1960, iliundwa ili ibebe mabehewa mazima juu ya maji. Basi tulipohesabu akiba yetu tukasema, na sisi tutafute chombo chetu kidogo, kichukue watu wanaopenda kutazama viboko na machweo ya jua, na siku za arusi kichukue maarusi.

Boti yetu ni ya pantoni. Haina tumbo kama mashua. Ni sakafu bapa ya mbao iliyolazwa juu ya mapipa mawili marefu ya chuma, yaliyozibwa pande zote na kubakizwa hewa ndani. Mapipa hayo yalichomelewa na mafundi wa jua kali wa Kamukunji, yakapandishwa lori mpaka Kisumu, na boti ikaunganishwa ufukoni. Juu ya sakafu pana viti virefu vya sponji vilivyovikwa reksini, kabati la majaketi ya kuokolea, na mahali pa nahodha. Chombo cha namna hii hakijai maji upesi, kwani mvua ikinyesha maji hukimbilia pembeni na kurudi ziwani. Lakini hapo hapo ndipo penye udhaifu wake. Kwa kuwa hakina tumbo, hakina pa kuficha kitu. Kila kilichomo kiko wazi mbele ya jua, mvua, ndege, na wale nzi wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi.

Boti ilifanya kazi Jumamosi na Jumapili. Siku nyingine ilikaa imefungwa kwenye boya, mbali kidogo na ufuko. Tulimwajiri mzee mmoja wa pale pale awe mlinzi. Tukanunua turubai la plastiki Gikomba, lililokwisha tumika, tukampa pamoja na kamba moja ndefu. Tukamwambia, "Mzee, boti ikirudi, ifunike." Hayo ndiyo mafundisho yote tuliyompa. Hatukuongeza neno.

Zikaja mvua za masika. Mwezi wa Juni watatu kati yetu walipata likizo, wakaenda kutazama mali ya kikundi. Walikuta turubai limepasuka katikati. Sponji zilikuwa zimejaa maji, na ukikalia kiti maji yalitoka kama mtu anakamua nguo. Reksini ilikuwa na madoa meusi ya kuvu. Mbao chini ya viti zilikuwa laini hata ncha ya kisu iliingia bila kusukumwa. Majaketi ya kuokolea yalinuka, na mawili hayakufaa tena.

Ndugu zangu, tulikasirika. Tulipoletewa habari hiyo huku Nairobi hatukukaa kitako kuuliza lo lote. Tulikata shauri siku hiyo hiyo kwamba mzee amezembea, na kwamba atakatwa nusu ya mshahara kwa miezi miwili. Alipoambiwa, alijibu maneno machache tu: "Wanangu, mlinipa turubai, hamkunipa mti wa kulisimamisha." Tukasema huo ni udhuru.

Aliyetufumbua macho ni mstaafu mmoja jirani yetu, ambaye ujana wake wote alifunika shehena katika mabehewa ya wazi. Tulikuwa tukimlalamikia mlinzi, naye akatuuliza swali moja: "Turubai lenu lilikuwa na mgongo?" Hakuna aliyejibu. Sisi watu wa reli twajua kwamba behewa la wazi halifunikwi bapa. Magunia ya katikati hupandishwa juu, ili turubai likae kama paa la nyumba na maji yateremke. Jambo hili twalijua kazini. Tulipofika kwenye mali yetu wenyewe tulilisahau.

Mzee huyo akachukua chaki, akatuandikia hesabu sakafuni. Nanyi ifuateni. Turubai letu lilikuwa na urefu wa mita 6 na upana wa mita 2.4. Hizo ni mita za mraba 14.4. Mvua ya milimita 50, ambayo upande wa ziwa yaweza kunyesha jioni moja, humwaga juu ya turubai la kadiri hiyo lita 720 za maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Basi ni kilo 720, yaani magunia manane ya mahindi ya kilo 90. Tuseme robo tatu yamwagika pembeni. Bado magunia mawili yamelala katikati ya turubai, na yanalivuta chini mpaka mshono uachie. Tena likishabonyea mara moja, mvua ya kesho hukuta bakuli tayari. Ni nani kati yetu awezaye kuyainua magunia mawili, peke yake, usiku, amesimama ukingoni mwa boti inayoyumba?

Sasa twawaelezeni tulivyofunzwa na tunavyofanya, kwa maana wako wenzetu wenye vyombo Kisumu, Homa Bay na hata Naivasha.

Jambo la kwanza ni mgongo. Simamisheni nguzo tatu katikati ya boti, ya kati iwe ndefu kuliko mbili za mwisho, na juu yake lazeni boriti nyepesi au kamba nene iliyokazwa. Vichwa vya nguzo vivikwe kitambaa kinene, kisije kikatoboa turubai. Mteremko uwe mkali. Ukimwaga ndoo ya maji juu, yasibaki maji hata ya kujaza kikombe.

Jambo la pili ni hewa. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Twadhani kufunika vema ni kuziba kila tundu. Sivyo. Mchana jua hupasha maji yaliyobaki sakafuni, yakapanda kama mvuke. Usiku turubai hupoa, na mvuke ule hugeuka matone upande wa ndani, ukadondoka juu ya viti. Boti iliyozibwa kabisa hujinyeshea yenyewe. Kuvu lile tulilolikuta halikuletwa na ule mpasuko peke yake. Lilikuwa limekwisha kuanza kabla. Kwa hiyo acheni nafasi ya kiganja pande zote chini ya ukingo wa turubai, na mbele na nyuma chini ya mgongo wekeni dirisha dogo lenye wavu na kifuniko cha kuzuia mvua. Tena viti visimamishwe kwa ubavu, visilale. Kisifunikwe kitu kilicholowa; kwanza kipanguswe.

Jambo la tatu ni kamba. Kamba moja ndefu iliyozunguka boti nzima ni kosa, kwa sababu ikikatika mahali pamoja turubai lote limekwisha kuachia. Fungeni kamba nyingi fupi, kila moja kwenye pete yake. Mwisho wa kila kamba ungeni kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kama wafungavyo mizigo wenye baiskeli. Mpira hunyumbuka upepo unapovuma, na pete haing'oki. Kama ni maturubai mawili, la mbele lilale juu ya la nyuma. Hivyo ndivyo tufanyavyo garini ili upepo wa mwendo usiingie chini, na boti iliyofungwa kwenye boya moja nayo hugeuza uso wake kuelekea upepo utokako.

Jambo la nne ni msuguano na jua. Chombo kilichofungwa majini hakitulii hata dakika moja. Kila pembe ya chuma inasugua turubai usiku na mchana kama msumeno. Shoneeni kiraka pale kabla ya tundu, wala msingoje tundu. Kisumu iko karibu sana na mstari wa ikweta, na jua lake hula plastiki nyembamba mpaka ikavunjika kama jani kavu. Turubai zito la lori ni ghali, lakini maturubai matatu mepesi yaliyochanika ni ghali zaidi. Mavi ya ndege yaoshwe kwa maji na sabuni ya kawaida. Dawa kali ya kung'arishia nguo isitumike, kwani hudhoofisha nyuzi za mshono.

Jambo la tano ni hatari, nalo msilipuuze. Boti ikiwa imefunikwa, mvuke wa petroli hukusanyika chini ya turubai. Ondoeni turubai lote, ngojeni hewa ipite, ndipo muwashe injini. Wala mtu asilale humo na jiko la makaa, hata kama ni baridi. Sisi wa mitaa hii twajua vifo vya jiko katika chumba kilichofungwa. Chini ya turubai ni chumba vile vile.

Basi huo ni upande wa ufundi. Twarudi kwa mzee.

Tulipokwisha kuona hesabu ile ya chaki, tuliitisha mkutano wa kikundi. Mwenzetu mmoja alisimama akasema, "Tukimrudishia fedha atatudharau, na kesho hatatutii." Mwingine akamjibu, "Wewe ulipokatwa mshahara kwa chombo kibovu ulichopewa na msimamizi, ulikuja kulia kwa nani? Si ulikuja katika chama hiki?" Yule wa kwanza aliketi. Nyani haoni kundule, na sisi tulikuwa manyani kumi na wanane. Kazini twadai kwamba mtu asiadhibiwe kabla ya kusikilizwa, na kwamba mfanya kazi apewe zana kabla ya kudaiwa kazi. Siku tulipopata sisi kuwa mabwana, wa boti moja tu, tulisahau yote mawili.

Tulikubaliana kwa kura kwamba fedha zote alizokatwa zirudishwe. Kwamba apewe nguzo, turubai zito, koti la mvua na tochi. Kwamba kazi yake iandikwe na asomewe. Na kwamba miezi ya masika apate kijana wa kumsaidia. Wawili wetu walitumwa waende wamwombe radhi kwa kinywa, si kwa simu.

Wanatuambia kwamba mzee alizihesabu fedha polepole, akazitia mfukoni, hakusema neno. Kisha akaingia kibandani mwake akatoka na beseni la bati lenye ufa. Akasema ndilo alilotumia usiku wa mvua kuchota maji juu ya turubai, mpaka lilipogonga ukingo wa boti likapasuka. Hakuwa amelitaja kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Ndugu wanachama, sponji tumenunua nyingine, na mbao tumebadilisha. Gharama hiyo tumeilipa sisi wenyewe, na ni haki tuilipe. Beseni nalo tumemnunulia jipya, ingawa sasa turubai lina mgongo na halihitaji kuchotwa.

Wengi wenu hamna boti. Lakini mna mikokoteni mliyowapa vijana, vibanda vya sokoni vyenye wauzaji, na wasaidizi nyumbani. Mali ikiharibika mikononi mwao, kabla ya kuushika mshahara wao jiulizeni swali la yule mstaafu. Turubai mlilowapa, mliwapa na mti wa kulisimamisha?

Tumekwisha. Umoja ni nguvu.