Vali ya Kisima na Vali ya Mvuke
Maneno ya fundi wa maji kwa kamati za visima, Onduparaka, nje ya mji wa Arua



Naanza na jambo mnalolijua. Alfajiri unafika kisimani wa kwanza. Unapiga mpini mara thelathini, arobaini, na jerikani bado ni tupu. Watu wanasema kisima kimekauka. Halafu maji yanakuja, tena mengi! Kisima kilichokauka hakifanyi hivyo. Mara nyingi mgonjwa ni vali ya chini.

Pampu nyingi za West Nile ni za aina ya U2, iliyotokana na India Mark II. Chini kabisa, ndani ya maji, kuna silinda yenye vali mbili: moja katika pistoni, nyingine kwenye kitako cha silinda. Ukishusha mpini, pistoni hupanda, vali ya kitako hufunguka na maji huingia. Ukiinua mpini, pistoni hushuka, vali ya kitako hujifunga, na maji hupita katika pistoni kwenda juu. Yakishapanda hayarudi. Lakini chembe ya mchanga ikikaa chini ya vali, au mpira wake ukilika, maji ya bomba zima hushuka usiku, na wewe alfajiri unaanza kuyapandisha upya.

Ipimeni hivi. Pigeni mpaka maji yatoke mfululizo, kisha iacheni nusu saa, mtu asiiguse. Pigeni tena. Mkipita mara 5 kabla maji hayajatoka, kuna panapovuja: vali, au bomba lililotobolewa na kutu. Mwiteni fundi. Kwa U2 lazima mabomba yote yang'olewe ndipo vali ya chini itolewe, nayo ni mazito; msijaribu wenyewe kwa kamba.

Mwenye karabai anayo vali kama hiyo nyumbani, ila ile husukumwa na springi ndogo. Mkono wa pampu ukirudi wenyewe baada ya kupiga, vali haifungi vizuri.

Sasa sufuria ya mvuke ya kituo cha afya, ya kuua vijidudu kwenye makasi na vyombo vya uzazi. Hapo springi hulinda watu. Joto linalotakiwa ni nyuzi 121, ambalo maji ya sufuria wazi hayafiki, kwa hiyo mvuke hufungiwa ndani mpaka usukume kwa nguvu ya karibu kilo 1 kwenye kila sentimita ya mraba. Ni kidogo? Mfuniko wenye upana wa sentimita 30 unabeba zaidi ya kilo 700! Mvuke ukizidi kipimo, huinua kifuniko kidogo kilichokandamizwa na springi, hutoka kwa mlio, na nguvu ikipungua springi hukifunga tena.

Katika kituo kimoja, nisikitaje, nilikuta vali hiyo imefungwa kwa waya. Mhudumu alichoshwa na kelele, tena alidhani anaokoa kuni. Sikumgombeza, hakuna aliyemweleza. Tulizima moto, tukangoja sufuria ipoe, ndipo tukafungua waya.

Ukisikia mlio huo, punguza moto. Usiweke jiwe juu yake, usikaze skrubu yake. Ikilia mfululizo hata moto ukiwa mdogo, zima, acha ipoe yenyewe, kisha mwite fundi.