Mchimba Kisima na Abiria wa Treni

(Muhtasari wa mazungumzo yaliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Isha)

 

Tunajiuliza swali moja: je, taifa linalochagua viongozi wake kwa kura hupata usalama kwa kuivamia nchi isiyolishambulia? Tumechagua mfano wa Iraki, kwa kuwa ushahidi wake umetoka kwa wavamizi wenyewe.

Mwezi Machi 2003, Marekani na Uingereza ziliivamia Iraki bila ya idhini mpya ya Baraza la Usalama. Raia wao waliambiwa kuwa Iraki ina silaha za maangamizi, na kwamba kuziondoa ndiko kutakakowasalimisha. Mwaka 2004, wakaguzi wa Marekani yenyewe walithibitisha kuwa akiba ya silaha hizo haikuwapo.

Usalama ulioahidiwa je? Machi 11, 2004, treni za Madrid zililipuliwa, nayo Hispania ilikuwa na askari Iraki. Watu zaidi ya 190 walikufa. Julai 7, 2005, watu 52 waliuawa London wakiwa safarini, wakiwamo Waislamu. Mwaka 2010, Eliza Manningham-Buller, aliyekuwa mkuu wa idara ya usalama wa ndani ya Uingereza, aliiambia Tume ya Chilcot kwamba vita hivyo viliongeza hatari kwa kiasi kikubwa. Na serikali ilikwishaonywa kabla ya vita kuanza!

Hapa hapana budi tuseme wazi. Hatusemi kuwa vita ndiyo sababu pekee, wala hatumtafutii muuaji udhuru. Dhulma ya mtawala haihalalishi damu ya abiria, kama vile dhulma ya Saddam Hussein haikuhalalisha damu ya raia wa Iraki, waliokufa kwa makumi ya maelfu.

Tena moto haujui mpaka. Mwezi Mei 2003, wavamizi walilivunja jeshi la Iraki, wakawaacha watu wengi wenye silaha bila ya kazi. Katika vurugu za uvamizi huo yalikua makundi ambayo baadaye yalizaa lile lililoua watu 130 Paris mwezi Novemba 2015. Nayo Ufaransa ilikuwa imevipinga vita hivyo!

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Lakini hapa waliochimba ni wakubwa wenye walinzi, na walioingia ni abiria wa treni. Huenda baadhi yao walikuwa miongoni mwa umati ulioandamana London na Madrid Februari 15, 2003 kuvikataa vita. Sauti zao hazikusikilizwa.

Funzo ni hili: ngome ya taifa la kura ni ukweli baina ya mtawala na raia. Anayewapeleka watu vitani kwa jambo lisilothibiti huibomoa ngome hiyo kabla adui hajafika. Kwa hiyo kura ni amana, na kumdai kiongozi ushahidi kabla ya damu kumwagika ni sehemu ya amana hiyo.

Wabillahi tawfiq.