Sinki la Jikoni Linapoziba: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata ya Lumemo



Bomba linapofikisha maji jikoni, kaya hupata raha moja na jukumu moja. Raha ni kufungua koki na kupata maji. Jukumu ni kuyaondoa maji hayo yakishatumika. Mazungumzo haya yanahusu jukumu hilo la pili: namna ya kutambua mahali sinki lilipoziba, namna ya kulizibua bila kuharibu mabomba, na namna ya kuzuia lisizibe tena.

Katika nchi kama Marekani, jiko huweza kufungwa mashine chini ya sinki, inayosaga mabaki ya chakula na kuyasukuma kwa maji. Ilibuniwa na John Hammes wa mji wa Racine mwaka 1927. Mashine hiyo hutegemea mtandao wa mabomba ya maji taka unaofika hadi kwenye mitambo ya kuyasafisha. Hata huko, jiji la New York liliipiga marufuku katika sehemu zake nyingi hadi mwaka 1997, kwa kuhofia uchakavu wa mabomba yake. Kaya ambayo maji yake huishia katika shimo la uani ina sababu kubwa zaidi ya kujihadhari. Chakula kilichosagwa hakipotei. Huhamia shimoni na kulijaza mapema.

Hatua ya kwanza ni kutambua tatizo lilipo. Ikiwa sinki pekee ndilo lisilopitisha maji, na bafu linapitisha vizuri, kizuizi kipo karibu: kwenye kichujio, kwenye trapu, yaani bomba lililopinda chini ya sinki, au kwenye bomba la kuelekea chemba. Ikiwa bafu nalo limegoma, fungua mfuniko wa chemba iliyo nje. Chemba kavu huonyesha kwamba kizuizi kiko ndani ya nyumba. Chemba iliyofurika huonyesha kwamba tatizo liko mbele yake, katika bomba la nje au katika shimo lenyewe. Harufu mbaya bila kuziba ni jambo jingine. Maji yanayobaki katika mpindo wa trapu ndiyo yanayozuia hewa chafu na mende. Trapu ikikauka kwa kukaa bila kutumika, au ikiwa haikufungwa kabisa, harufu huingia jikoni.

Hatua ya pili ni kuzibua. Punguza maji kwa kopo, uache kiasi cha kufunika tundu. Ziba tundu la juu la sinki kwa kitambaa kilicholowa, kisha sukuma na kuvuta kwa kizibuo cha mpira mara kumi na tano hadi ishirini. Kisipofaulu, weka ndoo chini ya trapu na ulegeze vifungo vyake kwa mkono, kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Mara nyingi humo hukutwa mafuta yaliyoganda, punje za wali, magamba ya samaki, na mchanga au majivu ya kusugulia sufuria. Safisha, kagua mpira wa kuzuia mvujo, rudisha na ukaze kwa mkono. Pitisha maji, kisha pangusa maungio kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, kazi haijakamilika.

Yapo mambo mawili ya hatari. Maji yanayochemka yasimwagwe katika bomba la plastiki, kwa kuwa hulilegeza na kufungua maungio. Maji ya moto wa kadiri yanatosha kulainisha mafuta. Pili, soda kostiki huunguza ngozi na macho, wala haifai kuchanganywa na dawa nyingine ya kusafishia. Aliyekwisha kuitumia hana budi kumwambia fundi kabla trapu haijafunguliwa.

Sasa, ikiwa chemba imefurika, hali ya bonde hili lazima izingatiwe. Mto Lumemo hushuka kutoka milima ya Udzungwa, na wakati wa masika maji ya ardhini hupanda karibu na uso wa nchi. Shimo linalonywea vizuri kiangazi na kugoma masika huenda halijajaa taka. Ardhi inayolizunguka ndiyo iliyoshiba maji. Kulichimba zaidi kwenda chini ni kuyafuata maji ya kisima. Lililo bora ni shimo la kina kifupi na lenye eneo pana, sehemu ya mwinuko, mbali na kisima angalau mita 30. Mtu yeyote asiingie katika shimo la zamani, hata kwa dakika moja, kwani hewa yake huweza kuua kabla ya msaada kufika.

Uzito wa jambo hili ni wa afya. Mbu aina ya kuleksi huzaliana katika maji machafu ya mashimo na mifereji, na ndiye anayeeneza matende na mabusha katika sehemu nyingi za nchi. Huko Makunduchi, Zanzibar, miaka ya mwisho ya 1980, watafiti walifunika maji ya vyoo vya shimo kwa punje nyepesi zinazoelea, sambamba na dawa kwa wakazi. Mbu walipungua sana, na maambukizi pia. Funzo lake kwa kila kaya ni jepesi: maji taka yaliyofunikwa vizuri hayazalishi mbu. Mfuniko usiwe na ufa, na maji ya sinki yasielekezwe barabarani au kwa jirani.

Kinga ni rahisi kuliko matengenezo. Weka kichujio juu ya tundu. Pangusa sufuria na sahani kabla ya kuziosha. Mafuta yaliyotumika yapoe, yafungwe na kutupwa pamoja na taka ngumu. Ukoko na makombo ni chakula cha kuku na nguruwe. Maganda ya ndizi na mboga hufaa kuwa mboji ya bustani. Anayejenga aweke chemba ndogo ya mafuta kati ya sinki na shimo, na aisafishe kabla utando haujawa mzito.

Penye maji taka yanayotiririka hadharani, taarifa ifikishwe kwa mwenyekiti wa eneo au afisa afya wa kata mapema, kwa maana mdharau mwiba mguu huota tende. Trapu iliyosafishwa leo hugharimu ndoo moja na nusu saa; shimo lililofurika masika huwagharimu majirani wote maji yao ya kisima.