Ndoto, Marafiki na Daftari

Hotuba kwa vijana wa kwaya, wazazi na waumini wote, siku ya jubilii ya kwaya yetu, Kianyaga

 

Namshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Kwa miaka 25 kwaya hii imetuimbia katika harusi zetu, katika mazishi yetu, siku za mavuno na siku za Krismasi. Nimeombwa kuzungumza na vijana kuhusu ndoto na kazi. Lakini wazazi msisinzie, maana neno hili ni lenu pia.

Vijana wetu wengi wakishamaliza shule huona njia mbili tu. Ya kwanza ni kupanda matatu hapa stendi, kupitia Kutus mpaka Nairobi, kutafuta kibarua chochote kitakachopatikana. Ya pili ni kubaki nyumbani na kungoja baba agawe shamba. Mimi leo nataka kusema juu ya njia ya tatu, ya watu wanaopendana na kuaminiana kukaa pamoja na kuanzisha kazi wanayoipenda. Nitaisema yote, utamu wake na uchungu wake, kwa sababu njia hii imewainua wengi na imewavunjia wengi urafiki.

Na msifikiri ni jambo geni lililoletwa na vijana wa siku hizi. Wazee wetu walilima kwa ngwatio, leo kwako, kesho kwangu, na jembe lilikuwa jepesi kwa sababu ya nyimbo na mazungumzo. Baada ya uhuru, mama zetu na nyanya zetu wa eneo hili walijiunga katika vikundi vya mabati. Walichanga, wakafanya vibarua pamoja, wakaezekana nyumba moja baada ya nyingine mpaka nyasi zikaondoka juu ya paa. Wengi wao waliimba na kucheza ngoma ili kupata fedha za kuchanga. Kwa hiyo, vijana, mkisikia mtu akiuliza, “Je, wimbo unaweza kuleta chochote nyumbani?” mjibuni kwa heshima kwamba uliwahi kuleta mabati.

Hata katika Biblia jambo hili limo. Ukisoma Luka sura ya 5, utaona kwamba Simoni na wana wa Zebedayo walikuwa wenzi katika uvuvi. Nyavu zilipojaa, waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili waje kusaidia. Ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 18, utamkuta Paulo amefika Korintho, akakutana na Akila na mkewe Prisila. Kazi yao ilikuwa moja, kushona mahema. Akakaa kwao, wakafanya kazi pamoja, na ile nyumba ya kushonea mahema ikawa mahali pa urafiki na pa Injili.

Sasa nitoe mfano wa karibu zaidi na wa wakati wetu. Vijana wote hapa wanawajua Sauti Sol. Najua mzee mmoja au wawili wameshtuka nikilitaja jina hilo kanisani. Tulieni. Si kila wimbo wao tungeuimba hapa mbele, na sikuja kuwasifia nyimbo zote. Nimekuja na historia yao, kwa sababu ilianza mahali panapofanana sana na mnapoketi ninyi.

Bien-Aimé Baraza, Willis Chimano na Savara Mudigi walikutana wakiwa wanafunzi wa Upper Hill School, Nairobi. Waliimba pamoja katika kundi la shule lililoitwa Voices in the Light, kundi la nyimbo za Injili. Walipomaliza shule, swali lao lilikuwa lile lile la kila mwanakwaya anayemaliza Kidato cha Nne: tutaendeleaje kuimba pamoja? Mwaka 2005 wakaanzisha kikundi cha kuimba bila ala, wakakiita Sauti. Baadaye wakaongeza neno Sol, ambalo kwa Kihispania ni jua. Mpiga gitaa Polycarp Otieno naye alijiunga nao, wakawa wanne.

Albamu yao ya kwanza, Mwanzo, ilitoka mwaka 2008. Hesabuni wenyewe: kutoka 2005 hadi 2008 ni miaka mitatu ya mazoezi kabla ya albamu moja. Mwaka 2014 wakapata tuzo ya MTV ya Ulaya kama wasanii bora wa Afrika, na kufikia hapo walikuwa wameimba pamoja kwa miaka tisa. Kijana anayeniambia kwamba ndoto yake imekufa kwa sababu amejaribu tangu Januari, humwuliza kwanza ni Januari ya mwaka gani.

Kuna mambo manne ambayo ningependa mwende nayo nyumbani. Mazuri yake ni kwamba kwaya imekwisha kuwafundisha yote manne, ila hamjajua kwamba mlikuwa mnafundishwa kazi.

La kwanza ni mazoezi. Ndoto hupimwa siku ya mazoezi, wala haipimwi siku ya jubilii. Leo kila mtu amevaa sare, ukumbi umejaa, na kila mmoja angependa kuwa mwanakwaya. Lakini siku ya katikati ya wiki, mvua inanyesha, njia ni matope matupu, na umeme umepotea, ni nani anayefika? Ukitaka kuanza kazi na marafiki, iwe ni ushonaji, ufugaji wa kuku, kukodisha viti na spika, au studio ndogo ya kurekodi nyimbo, usitazame ni nani anayecheka nawe zaidi. Tazama ni nani hufika mapema siku ya mvua. Huyo ndiye wa kuanza naye.

La pili ni kwamba sauti hutofautiana. Kwaya yenye soprano watupu si kwaya. Tena yule wa besi hawezi kumwonea soprano wivu, kwa kuwa kila mmoja anajua bila mwenzake wimbo hausimami. Lakini tukianza biashara, wote tunataka kuwa mwenyekiti! Vijana watano wanapoungana, mmoja awe ni wa kuongea na wateja, mwingine awe fundi wa mitambo, mwingine wa kuweka fedha, na huyo wa fedha huenda ni yule asiyejua kuimba vizuri ila hajawahi kupoteza hata shilingi ya nauli ya kwaya. Mpeni nafasi yake, na mumheshimu kama mnavyomheshimu mwenye sauti nzuri.

La tatu ndilo zito, na ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Hili ni jambo la fedha. Wapendwa, sote tumesikia habari za kwaya zilizopendana miaka mingi bila shilingi, kisha zikarekodi albamu moja na zikavunjika. Wakati hakuna kitu, hakuna wa kugombana naye. Ndipo nakala zinauzwa, mialiko ya harusi inakuja, na swali linaanza kunong’onwa: fedha ziko wapi? Aliyetunga wimbo anataka zaidi. Aliyetoa gari anataka zaidi. Aliyeshika fedha pengine hakuiba kitu, lakini hakuandika popote, na sasa hana la kuonyesha. Watu waliokuwa wakishikana mikono katika maombi sasa wanapishana barabarani bila salamu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba hata urafiki hupotea hivyo hivyo.

Sisi watu wa Kianyaga hatuna sababu ya kutojua jambo hili. Sisi ni wakulima wa kahawa. Unapopeleka kahawa mbivu fakitori, haijalishi kama karani wa mizani ni binamu yako. Kahawa inapimwa, kilo zinaandikwa kwa namba yako, na unapewa risiti. Ndugu wawili wa tumbo moja, wenye mashamba yaliyopakana, kila mmoja ana namba yake. Je, wanachukiana? La. Mizani ndiyo inayowawezesha kunywa chai pamoja jioni. Na tunajua uchungu wake pia: pale wakulima wanapoanza kuushuku mzani au hesabu, manung’uniko huanza siku hiyo hiyo, na kuyatuliza huchukua miaka.

Basi vijana, mkianza kazi na marafiki, wekeni mzani siku ya kwanza, wakati bado mnacheka. Chukueni karatasi moja. Andikeni kila mmoja ameleta nini: fedha, kinanda, simu, au muda wake. Andikeni faida itagawanywaje, na sehemu gani itabaki ya kununulia vifaa. Andikeni wimbo ni wa nani, wa aliyetunga au wa kikundi. Andikeni wawili wa kutia sahihi fedha zinapotolewa. Andikeni pia mtu akitaka kutoka, ataondoka na nini. Wote watie sahihi, na kila mmoja apate nakala. Rafiki akikuambia, “Yaani huniamini?” mwambie, “Nakuamini, na ndiyo sababu nataka kesho pia nikuamini.”

La nne ni kuachana kwa heshima. Hili hatulisemi mara nyingi, lakini ni lazima. Mwezi wa Mei mwaka 2023 Sauti Sol walitangaza kwamba wanapumzika kama kundi, na kila mmoja anaendelea na kazi zake mwenyewe. Hawakutoweka usiku. Walitangaza mapema, na Novemba ya mwaka huo wakawaaga mashabiki wao jijini Nairobi kwa tamasha, wote wanne jukwaani. Miaka 18 kazini na marafiki ni mingi kuliko ndoa nyingine.

Na sisi Wakristo tunao mfano wetu. Paulo na Barnaba waligombana juu ya Yohana Marko hata wakatengana. Imeandikwa wazi katika Matendo sura ya 15, haikufichwa. Lakini Barnaba hakuacha kazi, Paulo hakuacha kazi, na miaka mingi baadaye, katika waraka wa pili kwa Timotheo, Paulo anaomba aletewe Marko yule yule, akisema anamfaa. Mlango haukufungwa kwa kufuli. Kwa hiyo mwanakwaya akipata kazi Mombasa, au akiolewa Embu, au akitaka kuimba peke yake, msimwite msaliti. Mpeni haki yake, mwombeeni, na mwekeeni kiti siku akirudi. Leo hapa nawaona wanakwaya wa zamani waliotoka mbali, na hakuna aliyewauliza mlikuwa wapi. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Wazazi, sasa zamu yenu. Nawaomba mambo mawili. Kwanza, mtoto akikuletea ndoto, usiicheke kabla hujamwuliza maswali. Mwulize: na nani? Mmefanya mazoezi kwa muda gani? Nani anashika fedha? Maswali hayo yatamsaidia kuliko kicheko, na pia kuliko sifa za bure. Pili, mpe muda unaojulikana. Mwambie, “Mwaka mmoja utakaa hapa, utakula hapa, lakini asubuhi utanisaidia kuchuma kahawa na mchana utafanya kazi yako.” Hiyo si adhabu. Paulo alihubiri, na mahema aliyashona. Kijana asiuze ng’ombe wala asiache kibarua kinachomlisha kwa sababu ya ndoto ya wiki mbili. Ndoto ikikua na kuanza kujilipia, kibarua kitapungua chenyewe.

Mwisho, nina neno kwa wale ambao wamekaa kimya wakiwaza, “Hayo yote ni ya vijana. Mimi nimechuma majani chai maisha yangu yote, ndoto yangu ilipita.” Mama yangu, baba yangu, nakuomba uitazame kwaya hii. Hakuna aliyelipwa mshahara. Mmetoka shambani mikono ikiwa bado na rangi ya majani, mkaja hapa mkajifunza sauti nne za wimbo mmoja, mkaenda kuimba katika nyumba iliyofiwa, mkarudi usiku kwa miguu. Mmefanya kazi mnayoipenda, pamoja na marafiki, kwa miaka 25. Wapo watu wenye mishahara mikubwa mjini ambao hawajawahi kuipata kazi ya namna hiyo hata siku moja. Ndoto yenu haikupita, na leo tumekusanyika kuisherehekea.

Vijana, baada ya ibada kutakuwa na chakula. Kuleni mshibe. Kisha wale watatu au wanne ambao mmekuwa mkinong’ona juu ya jambo fulani, na mnajijua, msiende nyumbani kabla ya kukaa chini ya mti kwa nusu saa. Mweka hazina wa kwaya amekubali kuwapa karatasi na kalamu, na amekubali kuwaonyesha daftari lake la miaka mingi, mwone jinsi linavyoandikwa. Mtangulizeni Mungu, muanze kuandika.

Mungu aibariki kwaya yetu, ayabariki mashamba yetu na kazi za mikono ya watoto wetu. Bwana asifiwe!