Mzee Aliyeshikwa Mkono
Hotuba ya mlezi wa kwaya katika ibada ya shukrani ya yubile

 

 Nimepewa dakika kumi, nami sitazidisha, maana najua kwaya ina nyimbo na jikoni kuna pilau.

Leo waanzilishi wa kwaya hii wanawakabidhi vijana uongozi. Baadhi yao wameniuliza kama kazi yao ilikuwa na faida. Walianza wakiwa wachache, na siku za mvua waliimba mbele ya viti vitupu. Kwa ajili yao nimechagua habari za mtumishi mmoja na mkewe, waliotumikia kanisa dogo sana, mbali na kwao, hapa hapa katika nchi yetu.

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alifika Mombasa mwaka 1846, na mwaka huo huo yeye na mwenzake Johann Ludwig Krapf wakaanzisha kituo cha misheni Rabai. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, na kwamba wasomi wengine wa Ulaya walikataa kuamini kuna theluji karibu na ikweta. Lakini safari zake zilikuwa za miaka michache tu. Sehemu kubwa ya maisha yake ilipita pale Rabai, na hiyo haitajwi sana.

Mwaka 1851 alikwenda Misri, akamwoa Emma, mama Mwingereza, wakarudi pamoja. Walijaliwa mtoto mmoja, akafariki akiwa mchanga. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Vita vya Wamaasai vilipofika pwani, Rebmann na mkewe walilazimika kukimbilia Unguja, kisha wakarudi kuanza tena. Mwaka 1866 Emma akafariki. Rebmann angeweza kufunga virago aende kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Alibaki.

Na waumini je? Wapendwa, mngewahesabu kwa vidole. Miaka zaidi ya ishirini, na kanisa zima lingeweza kukaa kwenye benchi moja au mawili. Miongoni mwao walikuwa mzee Abe Gunja na mwanawe, Isaac Nyondo. Mwaka 1864 walikuja pia wasaidizi, akina William Jones na Ishmael Semler, Waafrika waliokombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa India.

Sasa tuangalie siku zake za mwisho pale. Mwishoni mwa mwaka 1874 alifika Mchungaji W. S. Price, kuanzisha makao ya watumwa waliokombolewa, ndiyo Frere Town ya Mombasa. Wageni walikuja na nguvu mpya na mipango mikubwa. Rebmann alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, lakini mwili ulikuwa umechoka kuliko umri, na macho yalikuwa yamepofuka. Alikuwa amekaa miaka ishirini na tisa bila kurudi Ulaya hata mara moja. Mwaka 1875 aliondoka.

Kipofu hawezi kusafiri peke yake. Aliyemshika mkono hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, yule mwana wa Abe Gunja. Mtoto wa mwenyeji wa Rabai, aliyeletewa Injili na Mzungu huyu, ndiye sasa aliyemwongoza kwenye nchi alikozaliwa. Rebmann alikwenda kuishi Korntal, karibu na rafiki yake Krapf, na tarehe 4 Oktoba 1876 akapumzika.

Wazee wetu, hili ndilo jibu langu kwenu. Mtu akihesabu vichwa vya Rabai mwaka ule, angesema kazi imeshindwa. Lakini miaka kumi baadaye, mwaka 1885, Jones na Semler walitiwa mikono na Askofu Hannington kuwa mashemasi, na Jones akawa mchungaji wa Rabai. Kanisa lile lipo hadi leo. Rebmann hakuyaona hayo. Alichopata katika siku zile za mwisho ni mkono wa kijana mmoja, na ulimfikisha.

Vijana, nanyi nawaambia: kukabidhiwa uongozi si kupewa ufunguo wa kabati la sare na kitabu cha hesabu tu. Ni kumshika mkono aliyekutangulia. Mzee wa besi ambaye hasomi tena maandishi madogo, msimwache nyumbani siku ya mazoezi. Mfuateni na pikipiki kama matatu haifiki kwake.

Kuna jambo moja zaidi. Rebmann alikuwa mtu wa kuandika. Alikusanya maneno ya lugha za watu, na alipopofuka, kazi ile haikupotea, kwa sababu ilikuwa imeshaandikwa. Kamusi yake ya Kinyasa ilitolewa na Krapf mwaka 1877, mwenyewe akiwa ameshazikwa. Sisi tunazo nyimbo ambazo hazimo katika daftari lolote. Zimo vifuani mwa hawa mama na wazee walioketi mbele hapa, kila mmoja na sauti yake. Mmoja wao akiondoka, sauti moja ya wimbo inaondoka naye.

Kwa hiyo naomba hivi, na mwenyekiti mpya aniandikie kwenye kumbukumbu: kabla ya Krismasi, kila mwanzilishi akae na kijana mmoja, amfundishe wimbo mmoja wa zamani, na kijana aurekodi kwenye simu na kuuandika. Kwenye mkesha wa Krismasi tuimbe nyimbo hizo, wazee na vijana katika safu moja.

Waanzilishi wetu, mlipoimba mbele ya viti vitupu, Mungu alisikia. Bwana awabariki nyote. Amina.